Neno Moja la Kufunikia Migomba ya London

Wanangu mnaoingia kazi za bustani hapa London mkidhani mtu aliyekulia shambani hana la kufundishwa kuhusu udongo, nitazameni mimi. Ni Mhaya wa Kamachumu. Nimezaliwa katikati ya migomba, nimelishwa ndizi kabla sijaota meno, na kwa mikono hii hii nimewahi kuozesha migomba mitano ikiwa imesimama wima, katikati ya bustani ya umma, mashariki mwa jiji hili. Chekeni tu. Mama Koku, mke wangu, amecheka miaka mingi na bado hajamaliza.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Januari. Nilikuwa nimechoka kufagia stesheni pale Stratford, nikasikia council, yaani halmashauri ya mtaa, wanatafuta watu wa bustani. Nikapewa buti, glavu na koti la rangi ya machungwa lililonifika magotini, nikaambiwa nimfuate Ailsa. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka kaskazini mashariki ya Uskoti, sauti nzito, mashavu mekundu, hana mume wala mtoto. Bustani ile aliikuta jalala akaifanya ikawa bustani. Mimi niliyefaulu Kiingereza kidato cha nne, Kiingereza chake nilikuwa nashika neno moja katika matano.

Kwenye pembe yenye jua, mbele ya ukuta wa matofali, niliona vitu vitano vimesimama, virefu kuliko mimi. Vimezungushiwa waya wa banda la kuku, ndani ya waya vimeshindiliwa mabua makavu ya ngano, na juu kila kimoja kimevaa kofia ya kitambaa cheupe. Nikamuuliza mna nini humo.

"Migomba," akasema.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Migomba imevalishwa sweta! Nikawaza barua nitakayomwandikia baba, na namna atakavyonijibu kwamba Ulaya imeniharibu akili.

"Cheka, kijana," akasema Ailsa, ingawa nilikuwa na watoto wawili. "Ila usiguse. Nimeihap."

Ndiyo mara ya kwanza kulisikia. Hap. Neno fupi kama kikohozi. Nikadhani ni ndugu wa lile neno lao la furaha, kumbe si ndugu. Ni neno la Waskoti na la watu wa kaskazini ya Uingereza, wazee wa mashambani, na hapa London ukilitamka watu wanakutazama mdomoni. Maana yake ni kufunika, lakini si kufunika kwa sufuria na mfuniko. Ni kufunika kitu kwa sababu unakijali, ili baridi isikifikie.

Sikuelewa hivyo siku ile. Nilielewa polepole, mwaka hadi mwaka, kwa jinsi Ailsa alivyolitumia. Asubuhi ya sakitu, ule ukungu ulioganda mweupe juu ya nyasi, alikuwa ananiambia nijihap, maana yake nizungushe skafu vizuri. Tukifukia vitunguu vya maua alisema tunavihap. Siku moja tukinywa chai kibandani akanieleza jinsi baba yake alivyohifadhi viazi: anavirundika juu ya ardhi, anatandaza mabua, anapiga udongo juu, na viazi vinalala humo hadi mvua za machipuko. Kule nako ni kuhap. Mama yake akimlaza mtoto na kuingiza blanketi chini ya mgongo pande zote mbili, amemhap mtoto. Visiwani kaskazini kabisa wanawake wanafuma shali za sufu, na shali yenyewe inaitwa hap. Moto wa jikoni ukifunikwa kwa jivu ili uamke asubuhi, umehapiwa.

"Na baba yangu tulimhap siku ya Jumanne," akasema, akamimina chai nyingine. "Mvua ilinyesha kweli."

Nikamuuliza tena ili niwe na hakika. Ndiyo, kaburini. Neno lile lile.

Wanangu, niliweka kikombe chini. Sisi tuna maneno mazuri na mengi. Mtoto tunamfunika, viazi tunafukia, moto tunavumbika, maiti tunazika. Hawa watu wa baridi walichukua mambo yote hayo wakayaweka ndani ya neno moja la herufi tatu. Niliona kama nimeonyeshwa chumba cha ndani cha watu niliokuwa nawaona kila siku barazani tu, na nikaanza kuwaheshimu kwa namna ambayo sikuwa nawaheshimu kabla.

Basi nikalifuatilia. Tulikuwa na mzee mmoja wa kukata nyasi, Ted, mtu wa Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Nikamuuliza kama analijua. Akazima mashine. Akasema bibi yake alikuwa akimwambia kila usiku, "Umehapiwa vizuri?" na kwamba hajalisikia tangu bibi afe. Akabaki amesimama pale, mkono juu ya mashine, mtu ambaye kwa kawaida hazungumzi ila kuhusu mpira. Jumamosi nikaenda maktaba ya Walthamstow na kuomba kamusi kubwa kuliko zote. Nilitaka kujua neno hili limetoka wapi. Kamusi ikanipa ushahidi kwamba watu wa kaskazini waliliandika mamia ya miaka iliyopita, wakati hata spelling zao hazijatulia. Halafu nikafika kwenye asili yake, na pale pameandikwa kwamba haijulikani. Wengine wanakisia lilivuka bahari na watu wa nchi za Skandinavia, lakini hakuna aliyeweza kuthibitisha. Nilisoma mstari ule mara tatu. Wasomi wote wale, na vitabu vyote vile, na neno ambalo kila mama wa kijijini alilisema akizima taa halina aliyejua lilikozaliwa. Nilitoka maktaba nikapita katikati ya soko, wauza matunda wanapiga kelele pande zote, na mimi nimejaa mshangao kama mtu aliyetoka kanisani.

Haya, turudi kwenye kazi, maana najua mnasubiri migomba.

Kuna namna ya kufunika mgomba hapa, nawapeni bure. Usiharakishe. Ngoja sakitu ya kwanza iunguze majani yawe meusi, ndipo ukate majani, ubakize shina. Zungusha waya, uache nafasi ya kiganja kati ya waya na shina. Jaza mabua makavu, na nasema makavu, ukiyafinya yalie. Juu weka kitu cha kuzuia mvua lakini hewa ipite. Ailsa alikuwa akimaliza anaingiza vidole viwili kwenye mabua, kila upande, anasikiliza kwa vidole kama mkunga. Hakuwahi kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Mimi nilikuwa mshika waya, miaka minane mizima.

Mwaka wa tisa akafanyiwa operesheni ya goti, tena Novemba, ndio mwezi wa kufunika. Na mwaka huo huo meneja mpya, Colin, alikuwa ameanza kuzunguka na karatasi zake. Colin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Excel. Alitaka ile pembe ya mimea ya nchi za joto ing'olewe, itandazwe nyasi, kwa sababu nyasi zinakatwa na mashine na migomba inataka watu. Ailsa alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Pembe ile ndiyo ilikuwa maisha yake. Watu wana wajukuu, yeye alikuwa na pembe ile. Wakabishana mpaka wakakubaliana hivi: migomba ikiwa hai katikati ya Mei, pembe inabaki. Ikiwa imekufa, nyasi.

Nilikwenda kumwona hospitali. Alinishika mkono wa koti.

"Kavu," akasema. "Na iachie ipumue. Unanisikia? Hap them dry."

"Nakusikia," nikasema.

Nilimsikia, ila sikumfuata. Nikajiambia, huyu mama ni mtaalamu, sawa, lakini migomba amejifunza vitabuni. Mimi nimeijua tumboni. Kwetu tukitaka joto tunajua kulipata: tunachimba shimo, tunalitandika majani ya mgomba, tunavundika humo ndizi za pombe, tunafunika kabisa kabisa, na baada ya siku chache ukiingiza mkono ndani ni moto. Nikaona hiyo ndiyo dawa ya baridi ya London. Nikachukua majani mabichi niliyoyakata, nikayaviringisha kwenye mashina tabaka juu ya tabaka, nikazungusha nailoni, nikakaza kamba kwa goti. Hakuna hata tundu la sisimizi. Nilirudi nyumbani nikimwambia Mama Koku kwamba mwaka huu Waskoti watajifunza kitu.

Majira ya baridi mwaka ule yalikuwa ya mvua na joto la uvuguvugu. Aprili nikafungua nailoni ya kwanza. Kilichonifika kwanza ni harufu, na harufu ile, Mungu anisamehe, ilinifurahisha. Ilikuwa harufu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, siku ya pili. Kwa sekunde kadhaa nilikuwa kwetu, nasikia wajomba wanacheka. Halafu shina likainama kwangu polepole, likanimwagikia kifuani.

Nikafungua yote mitano. Uji.

Nyumbani sikula. Mama Koku aliponibana nikasema.

"Umeozesha migomba?" akauliza. "Wewe? Mhaya?"

"Nimeivundika."

"Yesu wangu." Akakaa chini, akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa khanga. Binti yetu Koku akatoka chumbani kwake.

"What's so funny?"

"Baba yako amepika pombe ya council."

Kisha Mama Koku akaacha kucheka ghafla. "Na yule mama? Umeshamwambia?"

"Bado."

"Nenda kesho asubuhi, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Na usijitetee, baba Koku."

Nilikwenda. Ailsa alikuwa ameanza kurudi kazini nusu siku, anatembelea fimbo. Nilimpeleka mpaka penyewe na kumwambia kila kitu, majani mabichi, nailoni, goti langu kwenye kamba. Sikujitetea. Aliangalia muda mrefu. Nilitamani anitukane, maana matusi ya Kiskoti nilikuwa nimeshayazoea. Aliuliza jambo moja tu.

"Kulikuwa na joto humo ndani?"

"Sana."

"Hujaihap, kijana. Umeipika." Akageuka, akaondoka na fimbo yake. Nimewahi kuaibika maishani, lakini aibu ya asubuhi ile bado naijua ilipokaa mwilini.

Tuliondoa uji wa juu. Chini, kwenye usawa wa ardhi, hatukujua. Mgomba, kama mnavyojua, uhai wake haumo kwenye lile shina mnaloliona. Umo kwenye tunguu lililozikwa. Kama kuoza hakujafika kwenye tunguu, kuna mgomba. Ailsa akaamuru turundike mboji kavu ya majani juu ya kila kisiki, tuache. Wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna. Alikuwa akija, anasimama na fimbo yake mbele ya vichuguu vitano, anaondoka. Mei ikawa ya baridi.

Siku ya siku ikafika. Saa tatu na nusu asubuhi lori likasimama getini na nyasi zimeviringishwa kama mikeka. Colin akaja na karatasi. Akatazama vichuguu.

"Hakuna hata jani, Ailsa. Samahani."

"Iko hai," akasema Ailsa.

"Basi fukua tuione."

"Ukiifukua nzima utaivunja. Huwezi kumfunua mtoto kila dakika ili ujue kama amepata joto."

"Mimi nahitaji kitu cha kuona," akasema Colin, na kwa kweli alisema kwa upole. "Dereva anasubiri."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kilikuwepo kitu cha kuona. Kila mtoto wa kwetu anakijua. Tulikuwa tukikifanya mchezo. Ukikata mgomba ulio hai, ukakata ukawa sawa kama meza, ule moyo wa katikati haukubali. Unaendelea kupanda. Unakaa hapo na macho yako unauona umetoka. Nilikuwa na miaka tisa kwenye bustani ile na sijawahi kumwambia mtu, kwa vile nilidhani ni jambo ambalo kila mtu duniani analijua.

"Nipe mpaka saa tisa," nikasema.

Colin akatazama saa, akatazama lori. "Saa tisa."

Nikapiga magoti kwenye kichuguu cha katikati. Nikaondoa mboji kwa mikono, nikafika kwenye kisiki, nikaanza kukata kwa kisu, vipande vyembamba. Kahawia. Kahawia tena, majimaji. Hatari yenyewe ni hii: ukikata chini mno unakata kile kichwa kidogo kinachozaa majani yote, na hapo umemaliza kuua ulichoanza. Ailsa alishuka taratibu na goti lake bovu, akakaa kwenye udongo karibu yangu. Kipande kingine, kahawia yenye doa jeupe. Kingine. Halafu kisu kikapita mahali pagumu, kikatoa sauti ya kukata kiazi kibichi, na pale chini pakawa peupe, duara ndani ya duara ndani ya duara, na katikati kabisa kitone cha rangi ya maziwa. Utomvu ukajikusanya.

Nikasimamisha mkono hapo hapo. Nikachomeka kibao cha kuandikia majina ya maua pembeni, nikapiga mstari wa kalamu usawa wa mkato. Colin akaweka sahihi yake kwenye kibao kile. Nilitaka awe shahidi. Ilikuwa saa nne. Nikafunika kwa chombo cha kioo, na Ailsa akavua koti lake akalizungushia kioo kwa chini ili upepo usipite.

Sijui mmewahi kusubiri vipi. Jua lilitoka saa tano, likaingia mawinguni, likatoka. Dereva wa lori alikula sandwichi zake zote. Ailsa hakuinuka. Nilimletea chai akainywa pale pale chini. Sikuthubutu kuchungulia. Nilisema sala zote nilizofundishwa na nyingine nilizitunga.

Saa tisa Colin akarudi. Ailsa akaondoa koti. Mimi nikainua kioo.

Moyo ulikuwa umesimama juu ya mkato. Si sana, unene wa sarafu mbili zikibebana, lakini umesimama, mweupe, laini, una maji, na ncha yake imeshaanza kuingia ukijani. Ulikuwa umepita mstari wa kalamu. Pembeni yake kila kitu kilikuwa kimekaa kama nilivyokikata, na katikati kitu hai kilikuwa kinapanda, mbele yetu, bila kelele.

Colin alipiga magoti na suruali yake ya ofisini. Akasogeza uso. Akagusa mstari kwa ukucha, akagusa ncha, akaangalia sahihi yake.

"Hii ni ya leo?"

"Tangu saa nne," nikasema.

"Leo," akarudia. Dereva naye alikuwa amekuja, ameinama nyuma yetu, ameshika kofia mkononi. Tulikuwa watu wanne tumezunguka kisiki kilichooza, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Nimeona makanisa makubwa ya mji huu, nimepelekwa na wageni. Sijawahi kunyamaza humo kama tulivyonyamaza pale.

Hatimaye Colin akasimama, akajipangusa magoti, akamwambia dereva azirudishe nyasi. Akaondoka akitazama nyuma mara mbili.

Mimi nilibaki nimeshika kioo. Nilijua kwamba usiku ule kungekuwa na baridi, kidonda kile kibichi hakiwezi kuachwa wazi, na kichuguu lazima kirudishwe kwa makini, kikavu, chenye hewa. Nikasogea pembeni ili nimpishe Ailsa afanye. Nilikuwa nimeshachukua ndoo ya mboji nimpe.

Hakuipokea. Aliegemea bega langu, akainuka, akachukua fimbo yake na koti lake lililojaa udongo.

"Ihap," akaniambia.

Akaenda kuteleka maji ya chai. Nilipiga magoti nikaanza kazi, taratibu, na kila mara nilitazama njia nikitegemea anageuka kuangalia ninavyofanya. Alifika kibandani, akaingia, akafunga mlango.